Rumiko Takahashi na Ufundi wa Kugawa Kicheko

Vichekesho vingi kuhusu wanaume na wanawake huanzia mahali pamoja: mwanamume avae gauni, watu wacheke; mwanamke atunishe misuli, watu wacheke. Kicheko cha namna hiyo huisha haraka kwa sababu kinategemea mshangao, na mtu hashangai mara mbili kwa jambo lile lile. Rumiko Takahashi, mchoraji wa katuni za manga kutoka Niigata nchini Japani, aliuchukua mzaha huo huo uliochakaa akauchora kuanzia mwaka 1987 hadi 1996. Ulijaza juzuu 38, na haukumwishia. Kazi yenyewe ni Ranma ½, na kila ninapoirudia naona zaidi jinsi ilivyopimwa kwa uangalifu.

Ranma Saotome ni kijana anayefundishwa mapigano na baba yake, Genma. Wakiwa mazoezini China, wanatumbukia katika chemchemi za Jusenkyo, ambako kila dimbwi limebeba laana ya kiumbe aliyewahi kuzama humo. Tangu hapo Ranma akimwagikiwa maji baridi anageuka msichana. Akipata maji ya moto anarudi mvulana. Baba mtu hugeuka panda. Wanarejea Japani, nyumbani kwa Soun Tendo, mwenye ukumbi wa mafunzo ya mapigano na mabinti watatu, kwa kuwa wazee hao wawili walishakubaliana kuozesha watoto wao. Mabinti wakubwa, Kasumi na Nabiki, wanamsukumia Ranma mdogo wao Akane, ambaye habari za wavulana hataki hata kuzisikia.

Mchoraji mvivu angemfanya Ranma aanze kulegea na kurembua macho kila alowapo. Takahashi anamwacha na kiburi chake, ulimi wake mkali na haraka yake ya kutafuta ugomvi. Kimo kinapungua, mabega yanakuwa membamba, uso unalainika kidogo. Msuko wa nywele mgongoni unabaki. Shati la Kichina ni lile lile, sasa linampwaya. Na miguu! Itazame miguu: anasimama ameitanua, anaketi ameikunja kama mpiganaji, anatembea kama mtu mwenye njia yake. Kalamu imebadilisha mwili bila kugusa tabia. Kwa hiyo tunachokicheka ni mtu mwenye majivuno makubwa anayehangaika kuyalinda katika miili miwili, na majivuno, tofauti na mshangao, hayakauki.

Sura ya kwanza inaonyesha mapema ustadi huu. Ranma anaingia kwa akina Tendo akiwa amelowa mvua, yaani akiwa msichana. Nyumba nzima ilikuwa ikimsubiri bwana harusi, na mzee Soun anazimia. Akane peke yake anafurahi. Anamchukua mgeni kama rafiki, anamkaribisha ukumbini wapimane ubavu. Akane anarusha mapigo. Ranma anakwepa tu, hapigi. Mwishoni anaruka, anatua nyuma ya mwenyeji wake na kumgusa kichwani kwa kidole. Wanacheka wote. Akane anamwambia kwamba anashukuru mgeni ni msichana, kwa sababu kushindwa na mvulana asingekustahimili.

Hapo hakuna aliyeteleza wala aliyepigwa sufuria kichwani, ila mzaha wote wa juzuu 38 umeshatandikwa. Akane ameheshimu ustadi alipouona katika mwili wa msichana, na punde maji ya moto yatamlazimisha kuukubali ustadi ule ule katika mwili wa mvulana. Ranma naye amekuwa mpole kwa dakika chache, upole ambao akiwa mvulana hatauonyesha ila kwa taabu. Kila mmoja ameumbuka kidogo, na hakuna aliyedhalilishwa.

Akane mwenyewe ni kazi nzuri ya uandishi. Kila asubuhi kwenye lango la shule ya Furinkan kundi la wavulana linamvamia, kwa sababu mwanafunzi mmoja, Tatewaki Kuno, ametangaza kwamba anayetaka kutoka na Akane sharti kwanza amshinde kwa mapigano. Anawalaza chini wote, kisha anaingia darasani. Lakini Takahashi hakumfanya malaika: Akane hajui kupika, hajui kuogelea, na hasira zake zinatangulia akili. Mwandishi anayempenda mhusika wake wa kike humpa kasoro za kuchekesha, akijua msomaji atampenda zaidi. Wengi hushindwa hapa hata leo. Wanamchora msichana mzuri au hodari, kisha wanaogopa kumcheka, anabaki pambo tu.

Wanaume nao wanalipa sehemu yao. Kuno, anayejiona samurai wa kale, anampenda Akane na pia yule msichana mwenye msuko, asijue kwamba huyo ndiye Ranma anayemchukia. Ryoga, hasimu wa Ranma, ana nguvu za kutisha lakini hupotea njia popote aendapo, na maji baridi humgeuza kijinguruwe cheusi ambacho Akane anakifuga kwa mapenzi bila kujua ni nani. Shampoo, msichana shujaa aliyekuja kutoka China kumfuata Ranma, hugeuka paka. Na Ranma, asiyeogopa mpiganaji yeyote, anaogopa paka kupita kiasi. Ukiangalia vizuri, laana hizi zimegawanywa kwa haki, jinsia zote mbili.

Takahashi alikuwa ameanza hesabu hii mapema. Mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha wanawake jijini Tokyo na amepitia darasa la mwandishi Kazuo Koike, alianzisha Urusei Yatsura katika jarida la Weekly Shonen Sunday. Humo Ataru, kijana mkware mwenye nuksi, anashinda mchezo wa kukimbizana na Lum, binti kutoka sayari nyingine. Anapiga kelele kwamba sasa anaweza kuoa, akimaanisha mpenzi wake Shinobu. Lum anadhani anachumbiwa yeye. Kutoelewana huko kulibeba hadithi hadi 1987. Tazama pia mikono ya wahusika wanaporushwa hewani kwa pigo au umeme: vidole viwili vya kati vimekunjwa, vingine vimenyooka. Wamegaragazwa, lakini mkono una madaha yake, nasi tunaelewa kwamba hakuna aliyeumia kweli.

Sifichi kwamba katika Ranma ½ yapo yanayonichosha. Mzee Happosai, mwizi wa nguo za ndani za wasichana, anarudiwa mno, na kila mara mzigo wa mzaha unawaangukia wasichana wasio na kosa. Jarida lililoichapisha lilikuwa la wavulana na kurasa nyingine zinalionyesha hilo waziwazi. Hapo mgawanyo wa haki unavunjika, na kicheko changu kinakatika.

Ila Takahashi anajua pia kukikata kicheko kwa makusudi. Mwanzoni Akane ana nywele ndefu. Amezifuga ili afanane na dada yake Kasumi, kwa kuwa anampenda Daktari Tofu, na daktari anampenda Kasumi. Ranma na Ryoga wanapigana. Silaha ya Ryoga inapotoka na kuzikata. Kurasa zilizojaa milio na vumbi zinanyamaza ghafla. Wavulana wawili waliokuwa wakitambiana wanaduwaa, hawana la kusema. Akane anakwenda kwa daktari, na huko machozi yanamtoka. Baadaye Ranma, kwa kubabaika, anamwambia kwamba nywele fupi zinampendeza. Akane hafugi tena nywele ndefu hadi hadithi inaisha. Mchoraji wa kila wiki angeweza kuzirudisha katika sura inayofuata, maana katika vichekesho majeraha hupona usiku mmoja. Takahashi aliziacha fupi, na kwa uamuzi huo akatuonyesha kwamba msichana huyu ana moyo ambao mzaha hauruhusiwi kuuchezea.

Mwaka 2019 tamasha la Angoulême, Ufaransa, lilimpa tuzo yake kuu, na alistahili. Ukibahatika kulipata juzuu la kwanza la Ranma ½, lisome polepole kutoka kulia kwenda kushoto, na katika kila kisanduku mtazame Ranma alivyosimama kabla hujasoma anachosema.