Januari 2000: Boston ilipoiacha Ceasefire

Kosa lilifanyika Januari 2000, na lilifanyika mambo yakiwa yanakwenda vizuri. Mwaka 1990 jiji la Boston lilihesabu mauaji 152. Mwaka 1999 yakawa 31. Kati ya namba hizo mbili ipo Operation Ceasefire, mpango wa kuzuia mauaji ya magenge ya vijana ulioanza kufanya kazi mwaka 1996. Mwaka uliofuata baada ya mafanikio hayo polisi wakaiacha, kwa sababu ambazo hadi leo hazijasimama.

Wasomaji wa safu hii wanaufahamu mpango wenyewe, kwa hiyo yatosha kukumbushana kiini chake. David Kennedy, Anthony Braga na Anne Piehl wa Harvard walikaa na polisi, maofisa wa probesheni na wahudumu wa mitaani, wakachora ramani ya nani ana ugomvi na nani. Wakapata makundi 61 yenye vijana wapatao 1,300. Hao ni chini ya asilimia 1 ya vijana wa jiji zima, lakini ndani ya ugomvi wao ndimo yalimotoka mauaji ya vijana yasiyopungua asilimia 60. Kila kitu kilichofuata kilijengwa juu ya hesabu hiyo.

Mei 1996, katika mahakama ya Dorchester, vijana wa genge la Vamp Hill Kings waliitwa kikaoni baada ya kuuana wao kwa wao. Waliokaa mbele yao hawakuwa polisi peke yao. Walikuwapo waendesha mashtaka wa jimbo na wa serikali kuu, watu wa probesheni na wahudumu wa mitaani. Vijana wakagawiwa karatasi yenye picha ya mtu waliyemjua vizuri, mbabe wa mitaani aliyekamatwa na risasi moja. Bunduki hakuwa nayo. Kwa kuwa rekodi yake ilikuwa nzito, sheria ya serikali kuu ilimpa miaka 19 na miezi 7 gerezani, bila parole. Vijana wakaambiwa kwamba hakuna aliyewaita kwa sababu ni genge. Wameitwa kwa sababu ya kuua. Mmoja wao akiua tena, kundi zima litabanwa: hati za kukamatwa zilizolala zitaamshwa, masharti ya probesheni yatasimamiwa usiku na mchana, biashara ya dawa haitafanyika. Anayetaka kazi, shule au ulinzi, wahudumu wapo palepale.

Agosti mwaka huohuo Intervale Posse wa Roxbury, waliopuuza onyo, walikamatwa kwa mpigo na kufunguliwa mashtaka ya dawa za kulevya ya serikali kuu. Vikao vilivyofuata vilikuwa na mfano wa kuonyesha. Mauaji ya vijana wa miaka 24 kwenda chini, yaliyokuwa yakifikia wastani wa 44 kwa mwaka kati ya 1991 na 1995, yalishuka hadi 26 mwaka 1996 na 15 mwaka 1997.

Sasa turudi Januari 2000, maana hapo ndipo penye somo na ndipo watu wanapopita haraka.

Ceasefire haikuwa idara. Haikuwa na sheria iliyoiunda wala jengo lenye jina lake. Ilikuwa watu waliokutana mara kwa mara mezani, wakaulizana ni kundi gani limepiga risasi tangu wakutane mara ya mwisho na nani atalishughulikia. Kitu cha namna hiyo hakihitaji kura ya baraza la jiji ili kife. Yatosha kamanda kubadilishwa na mrithi wake kuona ana jambo bora la kufanya. Gary French, aliyeongoza kikosi cha polisi cha kushughulikia vurugu za vijana, aliondoka kwenye nafasi hiyo, na mkakati ukaondoka naye.

Badala yake ukaja mpango mpana zaidi, awamu ya pili ya mkakati wa Boston. Ukaingiza wafungwa wanaorudi mitaani, kesi za risasi ambazo hazijapata mtuhumiwa, na familia zenye matatizo ya miaka mingi. Hoja iliyotolewa inasikika ya busara: magenge yametulia, basi nguvu ziende kwenye matatizo mengine. Kila moja ya kazi hizo ilistahili kufanywa. Mpango wa wafungwa wanaorudi, ulioanza mwaka 2001, ulipunguza kukamatwa upya kwa karibu asilimia 30, na unastahili sifa.

Lakini ni kocha gani anayemtoa golikipa kwa sababu mpira haujaingia wavuni? Utulivu wa 1999 haukuwa ushahidi kwamba magenge yamekwisha. Ulikuwa matokeo ya ahadi iliyokuwa ikitimizwa kila wiki, na ahadi ya namna hiyo ina maisha mafupi. Kijana wa miaka 11 wakati wa kikao cha Dorchester alikuwa na miaka 16 mwaka 2001. Hakuwahi kuitwa mahakamani, hakuishika ile karatasi, na jina la Intervale kwake lilikuwa hadithi ya kaka zake. Kundi lake lilipopiga risasi na meza isikutane, mtaa wa pili uliona, na mtaa wa tatu ukasikia. Hapo onyo likawa maneno matupu. Kulipa uzito upya ni kazi kubwa kuliko kulitunza, kwa sababu sasa vijana wana ushahidi kwamba polisi wanasema wasichotenda.

Matokeo yanajulikana. Kati ya 2000 na 2006 idadi ya watu waliopigwa risasi Boston iliongezeka zaidi ya mara mbili. Mwaka 2005 mauaji yalifika 75, namba ambayo jiji halikuwa limeiona kwa muongo mzima.

Safu hii ina ugomvi wa siku nyingi na jambo lililoandaa kosa hilo, nalo ni kugombea sifa. Februari 1997 Rais Bill Clinton alikwenda Boston kuusifu mfano wa jiji hilo. Mwaka 1998 jarida la Newsweek likamweka Mchungaji Eugene Rivers kwenye jalada. Wachungaji wa Ten Point Coalition, muungano wa Rivers na wenzake, walifanya kazi ya kweli. Walitoka makanisani kwenda mitaani baada ya waombolezaji kushambuliwa katikati ya msiba kwenye kanisa la Morning Star Baptist mwaka 1992, na ni wao waliowafanya wakazi Weusi wawaamini polisi kwa kiasi fulani. Lakini jalada moja hubeba sura moja, na simulizi ya mtu mmoja haielezi meza ya watu ishirini. Waliokosa kamera ni wahudumu wa mitaani waliowajua vijana kwa majina ya utani, na maofisa wa probesheni wa Dorchester walioanza kupanda magari ya polisi usiku mwaka 1992. Muujiza hauhitaji matengenezo. Boston iliitwa muujiza, na waliopaswa kuitunza wakaamini.

Wakosoaji wana hoja nzito. Miaka ya 1990 mauaji yalipungua karibu Marekani nzima, na mwaka 2005 Richard Rosenfeld na wenzake walilinganisha Boston na miji mingine mikubwa bila kuona tofauti inayotosha kitakwimu. Jibu lilikuja baadaye. Kamishna wa polisi Edward Davis alifufua Ceasefire mwaka 2007 na kumpandisha cheo French asimamie kazi hiyo. Kundi la kwanza kuitwa likawa Lucerne Street Doggz. Safari hii watafiti walilinganisha genge kwa genge ndani ya jiji lilelile, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yakaonyesha matukio ya risasi yanayohusisha magenge yaliyofikiwa yamepungua kwa asilimia 31 kuliko yale yanayofanana nayo. Kupungua kwa mauaji katika taifa zima hakuwezi kuchagua genge moja na kuliacha la jirani.

Kinachoudhi ni kwamba Oakland imepita njia hiyohiyo. Ilianza Ceasefire mwaka 2012, na utafiti ukakuta mauaji ya bunduki yamepungua kwa karibu theluthi moja. Kisha kikosi kikavutwa kwenye majukumu mengine, huduma zikasambazwa kwa watu wengi zaidi badala ya wachache walio hatarini kabisa, na mauaji yakapanda tena. Ukaguzi uliotolewa Januari 2024 ulisema wazi kwamba jiji lilikuwa limeuacha mkakati wake. Makala ya Braga, David Hureau na Christopher Winship iliyoeleza jinsi Boston ilivyoporomoka ilichapishwa mwaka 2008, miaka minne kabla Oakland haijafanya kikao chake cha kwanza.