Kuupambanua Mtego Mwema: Kwa Mfugaji wa Singida Anayeanza

Mkoa wa Singida umepata sifa nchini kwa kuku wake wa kienyeji, ambao husafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam. Na popote panapofugwa kuku na mbuzi kwa wingi, kando ya majabali na vichaka vya miiba, hapakosi mnyama wa usiku mwenye kuidai sehemu yake. Mfugaji aamkaye akakuta manyoya yametapakaa mlangoni mwa banda hushikwa na ghadhabu, na aghalabu ghadhabu hiyo humpeleka dukani akanunua waya, akaupinda ukawa tanzi, akalitega penye upenyo wa ua, naye akajihesabu kuwa mtegaji. Hajawa. Utegaji ni sanaa yenye vipimo vyake, na kipimo ambacho vingine vyote vyakitegemea ni hiki: mtego mwema huchagua. Humnasa yule uliyemkusudia, humwachia aliyepita njia yake pasi na hatia, na humweka aliyenaswa mzima wa mifupa na meno mpaka mwenye mtego afike. Tanzi la waya halina hata moja katika sifa hizo, kwa kuwa hulikaba koo la digidigi na mguu wa mbwa wa jirani kwa ukali uleule linaomkabia mwizi.

Wala si suala la ustadi peke yake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imeyaweka matanzi, mashimo, sumu na hata mitego kwa jumla miongoni mwa njia zilizokatazwa isipokuwa kwa idhini, kwa hiyo safari ya kwanza ya mtegaji ni kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya yake, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, aeleze hasara aliyoipata na aombe ruhusa, au aombe waje wao wenyewe. Asiyeanzia hapo asiendelee kusoma.

Aliyeanzia hapo na ajifunze kumjua mwizi wake, maana wengi hutega bila kujua wanamtegea nani. Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, ambao ni wawindaji wa upinde na mshale na wala si wategaji, ndio walimu bora wa kusoma ardhi ambao mkoa huu umejaliwa, na anayebahatika kutembea nao asubuhi moja atarudi na maarifa mengi kuliko yaliyomo humu. Ukiwa peke yako, toka mapema wakati jua lingali chini, ulielekee, ili kivuli kilalie ndani ya unyayo na kuuonyesha kina chake. Simbamangu, yule paka mwekundu mwenye vishungi vyeusi masikioni, huacha unyayo wa mviringo usio na alama za kucha, kwa sababu huzificha atembeapo, na ukitazama nyuma ya kitanga utaona matuta matatu. Unyayo wa bweha ni mrefu kuliko upana wake, kucha zake za mbele zimechoma vumbi, na kitanga chake ni kidogo. Ukikuta mnyama ambaye mguu wake wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma, huyo ni fisi, na mtego wa sanduku tutakaouzungumzia haumfai.

Mabaki nayo yana ushahidi wake. Simbamangu huuma koo, alama za meno huwa chache na safi, kisha huanza kula mapajani. Bweha naye huuma shingo, lakini hana subira, huupasua ubavu upesi akatafuta matumbo. Nyegere huchimba chini ya ukuta au hulirarua banda lenyewe, akaua kuku wengi kuliko awezao kula. Nguchiro hupenda mayai. Na ukimkuta mbuzi ameumwa masikioni, mapajani na miguuni, amechanwachanwa ovyo na wala hakuliwa, usiwasingizie wanyama wa porini: hiyo ni kazi ya mbwa, pengine mbwa wa kijijini mwako mwenyewe, na dawa yake ni mazungumzo na wazee wa kitongoji.

Sasa tuje kwenye sanduku lenyewe, ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. Kwa simbamangu, mnyama wa kilo nane hadi kumi na minane, sanduku liwe na urefu wa dhiraa tatu, na upana na kimo cha shibiri mbili au zaidi kidogo. Likiwa fupi, mlango utamwangukia mgongoni kabla hajaingia wote, naye akirudi nyuma salama hatakaribia sanduku tena maishani mwake. Mafundi wa kuchomelea hulitengeneza kwa nondo nyembamba na wavu wa chuma, na hapa ndipo mnunuzi asiyejua hudanganyika, kwa kuwa huutazama unene wa nondo akadhani unene ndio ubora. Aanzie ndani. Achukue kanga kuukuu, aipitishe kwenye pembe zote na kwenye kila kiungo kilichochomelewa. Pakinasa uzi hata mmoja, hapo ndipo mnyama atakapopasuka mdomo au atakapong'oka ukucha, na sanduku hilo halijaisha kutengenezwa hata kama fundi ameshalipaka rangi. Matundu ya wavu yasizidi inchi moja, ili mnyama asiweze kuuma uzi wa chuma na kuvunja meno; maana paka aliyevunjika meno ya mbele hawezi tena kukamata sungura wala kware, na ukimwachia huru umempeleka kwenye njaa, au umemrudisha kwa kuku wako.

Mlango ushuke kwa uzito wake mwenyewe. Uinue, uuachie, usikilize: mlango mwema huanguka kwa sauti moja, na mlango mbovu hukwaruza njiani. Kisha inua upande mmoja wa sanduku kwa kiasi cha shibiri, uuachie mlango tena, kwa kuwa ardhi ya Singida yenye mawe haitakupa sakafu ya msikiti, na mlango unaokwama sanduku likiinama kidogo ni mlango wa karakana tu. Tazama pia chini yake: fundi mwenye insafu huweka vizuizi viwili vinavyouzuia usifike chini kabisa, ukabaki upenyo wa vidole viwili, ili mkia usikatwe na kiumbe mdogo aliyeingia kwa bahati mbaya apate pa kutokea. Nikiviona vizuizi hivyo kwenye sanduku, humheshimu aliyelitengeneza kabla sijamjua jina.

Lakini mahali hasa ambapo uchaguzi wa mtego hupimwa ni kwenye ubao wa kukanyagia. Tia mchanga mkavu ndani ya mfuko mpaka ufike kilo mbili, uushushe taratibu juu ya ubao: usifyatuke. Ongeza mchanga hadi kilo tano: ufyatuke bila kusita. Kwa tofauti hiyo ya kilo tatu hupita salama nguchiro na kanu, ambao wanakula panya wa ghala lako na huna haja ya kuwafunga. Na kwa tofauti hiyohiyo hunaswa simbamangu. Rudia kipimo hiki mara nyingi, kwa siku za joto na za umande, kwa sababu mbao huvimba na kunyauka. Ubao ambao leo wafyatuka kwa kilo mbili na kesho wakataa kilo sita haujui mtu wala mnyama.

Nyuma ya sanduku pawe na chumba cha kuku wa chambo, kilichotengwa kwa wavu wa tabaka mbili zenye nafasi baina yake, chenye kopo la maji na punje za mtama, na kuku huyo asubuhi arudi bandani akiwa hai. Paka huwinda kwa jicho na sikio kuliko kwa pua, hivyo unyoya uliofungwa kwa uzi ukicheza na upepo, na kuku anayekwaruza majani makavu, humvuta zaidi ya nyama iliyooza. Liweke sanduku chini ya mti au ubavuni mwa jabali, kwenye njia aliyoizoea, usimtake aje kwenye njia yako; mlango uufunge kwa kamba ubaki wazi kwa usiku kadhaa mpaka uone nyayo zimeingia na kutoka, ndipo uufungue utege. Mchana sanduku lifungwe, kwa maana jua la kiangazi huku kwetu, lisilo na wingu, laweza kumuua mnyama ndani ya chuma kabla ya adhuhuri.

Kuhusu bweha nitasema machache, kwa sababu sanduku si dawa yake. Mnyama wa jamii ya mbwa hushuku kila kitu chenye dari, atalizunguka, atalikojolea, na hataingia. Huko Marekani, jamaa yake aitwaye koyote amewindwa kwa zaidi ya karne kwa mitego ya chuma ya kubana mguu, ambayo Sewell Newhouse wa New York aliieneza katika karne ya 19, na ambayo Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi yake tangu 1995. Pamoja na mateso yote hayo, koyote leo wameenea sehemu nyingi zaidi za bara lile kuliko zamani. Bweha wetu wana tabia ya kushirikiana iliyochunguzwa na Patricia Moehlman huko Serengeti: dume na jike hukaa pamoja miaka, na baadhi ya watoto wao wakubwa hubaki kusaidia kulea wadogo. Ukimuua mmoja, mahali pake huja mgeni asiyejua mipaka ya boma lako. Kwa bweha, ustadi upimwe kwenye zizi: miiba ya mgunga iliyopangwa vigogo vikiwa ndani na matawi nje, mapengo yasiyopitisha ngumi, na wana-mbuzi kulazwa ndani kabla ya magharibi.

Aliyetega, alfajiri aende kutazama, asimtume mtoto. Akikuta simbamangu, alifunike sanduku kwa gunia, maana giza humtuliza, kisha ampigie afisa simu na kungoja, asimhamishe kwa akili yake mwenyewe. Akikuta ngawa, paka wa nyumbani au mbwa, asimame nyuma ya sanduku na kuuinua mlango kwa kamba. Sanduku likibaki tupu, alichunguze tena kwa kanga ileile. Na kama kuna damu kwenye wavu au jino lililovunjika sakafuni, taksiri hiyo ni ya mtego wala si ya mnyama, na mtego huo urudishwe kwa fundi kabla haujategwa usiku mwingine.