Ruhusa ya Mtani: Lugha ya Kampeni ya Jesse Ventura katika Uchaguzi wa Gavana wa Minnesota, 1998

Jina la chama cha tatu, kama litumiwavyo katika siasa za Marekani, si hesabu ya kweli. Vyama vidogo katika nchi hiyo ni vingi, na kila kimoja huitwa cha tatu, kwa maana kwamba viwili vya kwanza, Democratic na Republican, ndivyo vihesabiwavyo kuwa wenye nyumba, na vingine vyote vimesimama uani. Mswahili aliyezoea kuinjika chungu juu ya mafiga matatu aweza kudhani kwamba figa la tatu ndilo likipalo chungu utulivu. Huko mambo ni kinyume. Wa tatu hushitakiwa kuwa mharibifu, ampunguziaye kura mmoja wa wawili na kumfaa mwingine, bila ya kupata kitu mwenyewe. Kwa sababu hiyo mgombea wa namna hii ana kazi mbili za lugha. Yampasa kueleza atakalofanya akichaguliwa, kama wagombea wote. Na kabla ya hilo yampasa kueleza kwa nini asikilizwe.

Jesse Ventura, mgombea wa Reform Party, aliifanya kazi hiyo ya pili kwa ufundi mkubwa katika jimbo la Minnesota mwaka 1998, akashinda. Wengi wameipima kampeni yake kwa umashuhuri wa mwenyewe, na wengine kwa hasira za wapiga kura. Vipimo hivyo havikosi ukweli, walakini havifafanui ni kwa nini maneno yale yale yaliyompandisha yalimchosha alipokwisha kupanda. Jambo hilo hufahamika vizuri zaidi likitazamwa kwa desturi ambayo Afrika Mashariki inaijua sana, nayo ni utani.

Mtani huingia msibani akafanya mzaha ambao ndugu wa marehemu hathubutu kuufanya. Huzitaja kasoro za marehemu waziwazi, huwacheka waliao, na hapana awezaye kumkasirikia. Ruhusa hiyo ina sharti lake: mtani si mrithi. Kwa kuwa hagombei mali ya marehemu, maneno yake hayashukiwi kuwa na tamaa ndani yake, na ukweli ambao ungekuwa matusi kinywani mwa mwingine huwa kicheko kinywani mwake.

Ventura alikuwa na kila sifa ya kupewa ruhusa hiyo. Alizaliwa Minneapolis mwaka 1951 kwa jina la James Janos, akatumika katika jeshi la majini, kisha akawa mpiganaji wa mieleka ya maonyesho, mwigizaji wa sinema, na mwishowe mwendesha mazungumzo ya redio. Uzoefu wake wa utawala ulikuwa ni umeya wa mji wa Brooklyn Park, alioushika tangu 1991 hadi 1995. Wapinzani wake walikuwa warithi hasa. Hubert Humphrey wa Tatu, mwanasheria mkuu wa jimbo, alikuwa mwana wa Hubert Humphrey aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani tangu 1965 hadi 1969. Na Norm Coleman alikuwa meya wa St. Paul, mji mkuu wa jimbo. Hao wawili walishindana kama ndugu washindanavyo juu ya shamba la baba yao. Ventura alionekana kuja matangani tu.

Alama ya kwanza ya utani huo ni sinema fupi za televisheni zilizotengenezwa na Bill Hillsman, fundi wa matangazo ambaye mwaka 1990 alimsaidia Paul Wellstone kushinda kiti cha Seneti. Katika moja, watoto wanacheza na wanasesere wawili. Mmoja ni Ventura amevaa suti, na wa pili ni mtu mwovu, wakili wa makundi yanayonunua wanasiasa. Mtu mwovu anatoa fedha, mwanasesere anazikataa. Katika nyingine, Ventura anaonyeshwa ameketi katika umbo la sanamu ya Rodin ya mtu afikiriye, na mwisho anakonyeza jicho. Ukonyezo huo ndio ufunguo wa kampeni nzima. Majigambo ya kawaida humtaka msikilizaji aamini. Majigambo haya yalimtaka msikilizaji ayacheke pamoja na mwenye kujigamba. Jina lake la ulingoni lilikuwa limesifu mwili wake, na sasa likageuzwa kusifu akili yake. Mtu ajichekaye mwenyewe kwanza humnyang'anya adui silaha ya kumcheka.

Wito wa kampeni nao ulitungwa kwa vina: neno la Kiingereza lenye maana ya kulipiza kisasi lilifungamanishwa na tarakimu za mwaka 98. Ukipimwa kwa maana, wito huo ni mtupu, kwani hausemi kisasi cha nini wala kwa nani. Ukipimwa kwa matumizi, watosha, kwa sababu kila msikilizaji aliweza kuutia kinyongo chake mwenyewe. Hapa mtahakiki yampasa kuwa na hadhari. Kibwagizo kitakachoimbwa na watu wote kwa maana mbalimbali huwakusanya, lakini hakiwafungi kwa ahadi moja, na aliyekitunga hawezi baadaye kudai kwamba ametumwa jambo fulani.

Sehemu bora ya kampeni haikuwa katika sinema wala katika vina. Ilikuwa katika midahalo. Humphrey alisisitiza Ventura ashirikishwe, akihesabu kwamba mtu huyo angempunguzia Coleman kura. Wawili wale wakapigana wao kwa wao, wakamwacha wa tatu bila jeraha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na wakati wapinzani walipojibu kwa hesabu na majina ya sheria, Ventura alisimama bila maandishi, na alipoulizwa asilolijua alisema kwamba halijui. Jibu hilo ni fupi, lakini katika midahalo ya wanasiasa ni adimu, nalo halimfai kila mtu. Likisemwa na mrithi huwa kukiri upungufu, maana mrithi adai kwamba amelelewa kwa kazi hiyo. Likisemwa na mtani huwa ushahidi kwamba hadanganyi. Kadhalika msimamo wake kwamba wanafunzi wa vyuo wajitafutie njia ya kulipa karo, pasipo kuitegemea serikali, ulikuwa wa kuwaudhi vijana. Hata hivyo vijana wengi walimpigia kura. Waliona kwamba asiyewabembeleza hakuja kuwanunua.

Hoja aliyoitoa juu ya kura ya kupotea yastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ndiyo hoja ya msingi ya kila mgombea wa chama cha tatu. Wapinzani hudai kwamba kumpigia asiyeweza kushinda ni kuitupa kura. Ventura alijibu kwamba kura ipoteayo ni ile ipigwayo kinyume cha moyo na dhamiri ya mpigaji. Katika jibu hilo mzaha umekwisha, na lugha imekuwa nyofu. Lau kampeni yote ingalisimama juu ya maneno ya namna hiyo, pengine ingaliacha urithi mkubwa zaidi.

Yaweza kupingwa kwamba uchambuzi wa maneno watia chumvi, na kwamba ushindi ulitokana na sheria. Hapana budi sheria zipewe haki yake. Minnesota huruhusu raia kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura, na wengi waliovutwa na Ventura dakika za mwisho walitumia nafasi hiyo. Kwa kuwa Dean Barkley, aliyekuja kuwa mkuu wa kampeni ya Ventura, alikuwa amepata zaidi ya asilimia 5 ya kura alipogombea Seneti, chama chao kilihesabiwa kuwa chama kikubwa kisheria, kikastahili fedha za umma. Wala hakuna duru ya pili: tarehe 3 Novemba 1998 Ventura alipata asilimia 37 hivi, Coleman 34 na Humphrey 28, na hizo 37 zikatosha. Fauka ya hayo, jimbo hilo halikuwa geni kwa jambo hili, kwani chama cha Farmer-Labor kilimtoa gavana Floyd Olson mwaka 1930, kabla ya kuungana na Democratic mwaka 1944. Lakini sheria hufungua mlango tu. Wengine waliopita katika mlango huo huo, kwa sheria zile zile, hawakushinda.

Tarehe 4 Januari 1999 mtani alikabidhiwa nyumba, na ruhusa yake ikaisha siku hiyo. Yeye mwenyewe hakuitambua ajali hiyo ya lugha. Mwaka huo huo aliliambia gazeti moja kwamba dini za taasisi ni mkongojo wa wenye akili dhaifu. Maneno ambayo yangalipita yakisemwa na mpiganaji wa mieleka yaliwaumiza watu kwa kuwa yalisemwa na gavana wao. Mwezi wa Agosti alirudi ulingoni kuwa mwamuzi wa mieleka. Mwaka 2001 waandishi wa habari walipewa vitambulisho vyenye kuwaita mbweha. Mzaha ulikuwa ule ule, ila sasa ulitoka juu kwenda chini, na mzaha wa mwenye nguvu kwa asiye nayo hauitwi utani. Una jina jingine.

Si haki kusema kwamba utawala wake ulikuwa bure. Hazina ya jimbo ilipokuwa na ziada, wananchi walirudishiwa sehemu ya kodi kama alivyoahidi, na reli ya mjini Minneapolis ilipata msaada wake. Lakini chama chake hakikupata hata kiti kimoja cha bunge la jimbo katika uchaguzi ule, na ziada ilipogeuka upungufu hakuwa na wenzi wa kumtetea. Mwaka 2000 alikihama chama cha kitaifa, akabaki na tawi la jimbo lililojiita Independence Party, na mwaka 2002 hakugombea tena. Tim Penny, aliyegombea mahali pake, alikuwa mtu wa ujuzi na maneno ya adabu. Alipata asilimia 16. Mwaka 2014 mgombea wa chama hicho hakufikia asilimia 5.

Tarakimu hizo ndizo hukumu ya kampeni ya 1998. Kampeni hiyo ilithibitisha kwamba mtu wa tatu aweza kusikilizwa, na kwamba neno la kukiri kutojua laweza kuwashinda waliojiandaa. Hilo ni jambo kubwa, na kila jimbo lenye wenye nyumba wawili lina haja ya kulikumbuka. Kosa lake ni kuitegemea ruhusa ambayo hupotea mtu apatapo alichokitafuta, na ambayo haiwezi kuachiwa mwingine. Maelfu waliojiandikisha siku ile, wengine kwa mara ya kwanza maishani, walipewa kicheko na ukweli. Hawakupewa neno la kuwaunganisha asubuhi iliyofuata. Mtani akisha kuwacheka wafiwa, huondoka. Huyu alibaki, na hapakuwa na mtu aliyemwandalia maneno ya kubaki.