Mabaka Kwenye Kuta za Woodley

Kila picha ya nyumba inayouzwa kabla ya kujengwa huku kwetu Woodley ina jua lilelile: linaingia kwa dirisha, linaruka sofa, linafika hadi kona ya jikoni. Nazijua vizuri. Tangu niache kusomea usanifu majengo, ndizo zinanilipia kodi.

Ukiweka chumba kwa V-Ray bila kudanganya, kona hutoka na mabaka, kama ukuta uliomwagiwa chai. Mbinu yenyewe ilianza na Greg Ward na wenzake mwaka 1988: programu hupima mwanga kwenye vituo vichache, kisha hukisia katikati. Pale miale ni haba, makisio huyumba. Dawa halali ni kuongeza sampuli na kungoja usiku kucha, ukiomba stima zisipotee. Dawa ya haraka ni taa isiyoonekana, inayopachikwa nje ya dirisha.

Picha ninayoikosoa leo niliimalizia mimi. Sebule, ghorofa ya tatu. Kivuli cha pazia ni kizuri ajabu, hapo sijutii. Lakini kwenye ramani ya mradi dirisha hilo linatazama ukuta wa bloku jirani, hatua chache tu. Mabaka niliyoyafuta ndiyo yaliyokuwa yakisema ukweli kuhusu chumba kile.

Wiki jana shangazi alinionyesha brosha hiyo kwa simu, akiniuliza kama ni poa. Nilifungua faili, nikazima taa ya uongo. Alitazama giza lile kwa muda.

"Lakini dipoziti nishatoa, wewe mtoto."