Saba Pungufu ya Mia

Anayethamini mawe kwa macho angeweza kuyapita madini ya agiroditi bila kugeuka. Ni ya kijivu cha chuma, yana wekundu kidogo yakivunjwa upya, kisha hufifia na kuingia weusi. Ni laini kiasi cha kukwaruzwa na sarafu ya shaba, tena mazito, zaidi ya mara sita ya maji ya ujazo uleule. Robo tatu ya uzito wake ni fedha, iliyoungana na salfa. Yalipotoka mwaka 1885 katika mgodi wa Himmelsfürst, karibu na mji wa Freiberg nchini Ujerumani, hesabu ya mgodi ingeweza kuishia kwenye fedha hiyo. Kilichoyapa nafasi katika historia ni kazi ya mtu aliyeyayeyusha, akayatenganisha, akapima kila sehemu kwa mizani, na jumla ilipokataa kufika asilimia mia akaiacha ikatae. Uchanganuzi wa kemia kwa mizani ndio ufundi ninaousifu hapa, na dai langu ni hili: fundi wake apimwe kwa jinsi anavyoutunza upungufu kabla ya kupimwa kwa majibu anayoyatoa.

Albin Weisbach, profesa wa madini katika Chuo cha Migodi cha Freiberg, ndiye aliyetambua kwamba jiwe lile ni geni. Mwenzake Theodor Richter alilijaribu kwa moto wa bomba la kupuliza, akakuta fedha, salfa na dalili ya zebaki. Kisha likafika kwa mkemia Clemens Winkler, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kila alipolichanganua, jumla ilisimama karibu na 93. Kurudia hakukubadilisha kitu: fedha ileile, salfa ileile, chuma, zinki na zebaki chembe tu, na takriban asilimia 7 haina mahali ilipokwenda. Kilichojificha kilikuwa na tabia ya kukwepa kila hatua ya kawaida. Desturi ilikuwa kuyeyusha madini pamoja na magadi na salfa, kupata mmumunyo, kisha kutia asidi kwa kiasi. Aseniki na antimoni, kama zimo, hushuka chini kama mashapo, zikachujwa. Lakini salfaidi ya kitu kile haishuki mpaka asidi iwe nyingi mno, na ukiyasuuza mashapo yake kwa maji matupu, sehemu yake huyeyuka tena na kwenda na maji. Kloridi yake nayo huchemka kwenye nyuzi 86 tu, hivyo mpishi asiye mwangalifu huipoteza hewani. Tarehe 6 Februari 1886 Winkler alipata alichokitafuta. Asidi hidrokloriki nyingi, iliyotiwa katika mchujo ambao mwenye haraka angeumwaga, iliangusha mashapo meupe. Yalipopashwa moto ndani ya hidrojeni yakaacha metali ya kijivu. Akaiita jemaniamu.

Atatokea wa kusema kwamba sifa hii ni ya Dmitri Mendeleev, aliyeacha nafasi tupu chini ya silikoni katika jedwali lake la elementi na mwaka 1871 akatabiri kitakachoijaza: uzito wa atomu 72, msongamano 5.5, kloridi inayochemka chini kidogo ya nyuzi 100. Vipimo vya Winkler vilikuja kuwa 72.32, 5.47 na 86. Ulinganifu huo unashangaza, wala sioni sababu ya kuupunguza. Hata hivyo, Winkler hakuanzia kwenye jedwali. Alipopata metali yake alidhani kwanza kwamba inajaza pengo lililo kati ya antimoni na bismuthi, na Mendeleev mwenyewe mwanzoni aliielekeza pengine, si chini ya silikoni. Mzozo ulikatwa na uzito wa atomu, yaani mizani ileile. Utabiri ulieleza kitu kitakavyokuwa. Kwamba kimo ndani ya jiwe la fedha la Freiberg, hilo liligunduliwa na hesabu iliyopelea.

Katanga nako jemaniamu ilijificha, safari hii nyuma ya jina. Katika mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, yalikuwamo madini yaliyoitwa boniti ya rangi ya machungwa, kwa kuwa kwa macho yanafanana na boniti, salfaidi ya kawaida ya shaba na chuma. Mwaka 1948 J. F. Vaes alionyesha kwamba ni madini mengine kabisa, yenye jemaniamu, akayaita renieriti kwa heshima ya mwanajiolojia Mbelgiji Armand Renier. Hata sumaku ilikuwa na la kusema, maana huivuta renieriti. Naona jina la haraka lina hatari kuliko jumla pungufu: jumla pungufu humsumbua mtu, jina humtuliza. Na kilichofichwa na jina lile hakikuwa kidogo. Transista ya kwanza, ya mwaka 1947, ilitengenezwa kwa jemaniamu, na leo metali hiyo imo katika nyuzi zinazosafirisha intaneti kwa mwanga na katika lenzi za kamera zinazoona joto.

Mwingine atasema kazi hii sasa ni ya mashine; pingamizi hilo ni jepesi zaidi. Ni kweli kwamba leo mwali wa elektroni hupima chembe ya jiwe kwa dakika chache. Lakini kwa kawaida mashine hiyo hupima elementi ilizoagizwa kupima. Isiyoagizwa hujulikana kwa pengo tu. Na programu zake zinaweza kuyanyoosha majibu mpaka yatimie mia kamili, pengo lisionekane tena. Mchanganuzi mzuri husoma kwanza jumla ghafi.

Lililo gumu ni pingamizi hili: mara nyingi upungufu ni uzembe tu, maji yaliyomwagika au mizani mbovu, na anayeuheshimu kila upungufu hupoteza maisha yake akifuata makosa yake mwenyewe. Ndivyo, na ndiyo maana Winkler alirudia mara nyingi kabla ya kuamini. Lakini yupo ambaye hakupata hata nafasi ya kurudia. Mwaka 1846, Freiberg hiyohiyo, Carl Friedrich Plattner alichanganua madini ya polusaiti kutoka kisiwa cha Elba, akapata jumla ya 92.75, na jiwe likamwishia. Alichapisha tarakimu hizo kama zilivyo. Alifariki mwaka 1858. Elementi ya sizi ikagunduliwa mwaka 1860. Mwaka 1864 Felix Pisani alionyesha kwamba kile Plattner alichokihesabu kuwa potasiamu kilikuwa sizi, elementi nzito zaidi. Tarakimu za Plattner zilipohesabiwa upya kwa uzito huo, zilikaribia mia.