Mshamba Asiyebabaika

Katika Namak Halaal, picha ya Kihindi iliyotoka mwaka 1982, kijana kutoka kijijini anaomba kazi kwenye hoteli kubwa ya Bombay, na wenye hoteli wanataka kujua kama Kiingereza anakiweza. Anakiweza, tena sana. Anavuta pumzi na kuanza kusimulia mechi ya kriketi ya zamani, yenye wachezaji wawili ambao wote wanaitwa Vijay: huyu anamshauri yule, yule anamjibu huyu, majina yanapishana, na sentensi haioni kituo. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi nikimtazama Amitabh Bachchan usoni, na sijamwona akituibia hata tabasamu moja. Anasimulia kama shahidi aliyeapishwa mahakamani. Kicheko chote tunakileta sisi.

Kazi ya mchekeshaji ni ngumu hapo. Kumwigiza mshamba kwa kumfanya mjinga ni rahisi. Mtu analegeza mdomo, anakodoa macho, watu wanacheka, na baada ya nusu saa wamechoka. Bachchan amemfanya Arjun Singh awe mtu anayejua mambo. Kijijini kwao anasifika, amelelewa na babu anayempenda na kumgombeza kwa pumzi moja (Om Prakash, mzee ambaye kila akitokea picha inachangamka), na mjini anaingia na adabu zake zote na kujiamini kwake kote. Tatizo ni kwamba hoteli ina kanuni zake, naye hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo kila anachokosea anakikosea kwa nia njema na kwa bidii. Nzi akiingia kwenye kikao cha wakubwa, yeye anamfukuza nzi. Kwake hiyo ndiyo kazi, na ataifanya mpaka iishe, hata kama nzi ametua usoni pa mtu mzito.

Mwongozaji ni Prakash Mehra, yule yule aliyempa Bachchan sura ya kijana mwenye hasira katika Zanjeer mwaka 1973. Naona wawili hawa walijua kwamba ukali na uchekeshaji vinatoka kwenye mzizi mmoja, yaani mtu anayekataa kuyumbishwa. Mehra haharakishi. Kamera inamkalia Arjun muda mrefu kuliko mtazamaji anavyotarajia, na urefu wa mwili wa Bachchan, uliozoea kutisha majambazi, sasa unahangaika kupita katikati ya viti na mazulia.

Watu wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, hawahitaji kuelezwa habari ya kijana wa namna hiyo. Enzi za Waingereza nyanda hizi zilikuwa chimbuko la vibarua wa mkonge. Wanaume walitoka vijiji vya Kasulu na Kibondo, wakapanda treni Kigoma, wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Siku hizi vijana wanapanda basi kwenda Dar es Salaam. Upande wa Kagerankanda, huko Kasulu, ambako maisha ni mahindi, maharage na mihogo, kila ukoo una mtu aliyewahi kufika mjini akiwa na begi moja na Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha, akachekwa kabla hajamaliza salamu. Mbele ya Arjun, mtazamaji wa huku anacheka akiwa upande wake.

Kati ya Bombay na benchi la banda la video kuna fundi mwingine, naye namheshimu kama ninavyomheshimu steringi mwenyewe: mtafsiri. Tanzania ina jadi ya watu wanaoshika maikrofoni na kuitia picha ya kigeni Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Derek Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, ndiye aliyeifanya kazi hiyo ijulikane mbali. Mtafsiri mmoja anakuwa babu, bosi, mama anayelia na jambazi, na katikati anapenyeza maelezo yake mwenyewe. Picha za ngumi zinamsamehe akichelewa kidogo. Vichekesho havimsamehe. Akilitaja neno la kuchekesha kabla uso wa mwigizaji haujageuka, amelimaliza. Akilitaja baadaye, watu wanacheka nusu.

Fikiria anavyofanya kwenye ile mechi ya kriketi. Huku kriketi haichezwi, na Vijay Merchant na Vijay Hazare, waliokuwa nyota wa kweli wa India, hawamwambii mtu kitu. Mtafsiri mvivu atanyamaza mpaka hotuba iishe. Mwingine ataihamishia kwa Simba na Yanga, na itachekesha, lakini atakuwa amekivunja Kiingereza chenyewe, ambacho ndicho chenye utamu. Anayeijua kazi yake anakiacha Kiingereza cha Arjun kisikike, kwa sababu hata Kasulu watu wanaujua usaili wa kazi na wanalijua jasho la lugha ile, kisha anachomeka Kiswahili pale tu Arjun anapovuta pumzi. Pumzi zenyewe ni chache na fupi. Zinahitaji kukaririwa, na hazikaririki bila kuirudia picha hiyo mara nyingi.

Mtafsiri aliyezaliwa Buha angeweza hata kumpa Arjun “Mwakeye” ya Kiha anaposalimia wakubwa wa hoteli, huku wengine wote wakizungumza Kiswahili cha ofisini. Salamu hiyo moja ingetosha kumleta kijana wa Bombay mpaka kwenye mashamba ya huku.

Wimbo wa “Pag Ghungroo” ukianza, maikrofoni inapaswa kuzimwa. Kishore Kumar anaimba kwa mbwembwe zote, Bappi Lahiri ameupanga muziki urefuke na kupinda, na Bachchan anacheza kwa furaha ya mtu anayejua kwamba sasa ukumbi ni wake. Kisha inakuja habari ya mama, Waheeda Rehman, aliyemwacha mwanawe mdogo ili atimize ahadi ya kumlea mtoto wa tajiri. Sauti ya mtafsiri iliyokuwa inafukuza nzi lazima sasa imtamkie mama huyo maneno yake, bila kubaki na chembe ya mzaha, na bila kuongeza machozi ambayo Waheeda hakuyatoa.