Piano ya Kidijitali na Sauti za Taarabu

Yapo malalamiko ya siku nyingi kwamba kinanda cha umeme kimeiua taarabu. Sisi hatuikubali kauli hiyo kama ilivyo, wala hatuitupi. Twaona kwamba chombo kimehukumiwa kabla ya kuchunguzwa.

Piano ya kidijitali inapounganishwa na chombo kingine kwa utaratibu uitwao MIDI, uliotolewa mwaka 1983, haipeleki sauti hata chembe. Hupeleka amri: kitufe namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kadha, kisha kimeachwa. Namba hizo ni 128, na njia za kuzipitishia ni 16. Ni mfano wa waraka wa ofisini. Waraka haulimi shamba. Hulima yule aupokeaye, tena kwa jembe lake mwenyewe. Chombo kinachopokea amri ndicho kitoacho sauti ya fidla, ya udi au ya ganuni.

Hapo ndipo penye tatizo. Taarabu ya Unguja, iliyolelewa na vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, imechota sana katika maqamu za Kiarabu. Katika maqamu ya Rast, sauti ya tatu haimo katika kitufe cheupe wala cheusi. Makazi yake ni kati ya viwili. Mpiga fidla huifikia kwa kusogeza kidole, na mpiga ganuni kwa kugeuza vyuma vidogo vilivyo mwisho wa nyuzi. Piano, kwa kawaida, huigawa oktava mafungu 12 yaliyo sawa. Viko vinanda vimruhusuvyo mpigaji kushusha sauti robo toni. Lakini akiviunganisha na chombo cha nje, waya hupeleka namba ileile ya kitufe, na mpokeaji asiyearifiwa juu ya badiliko hilo hulia kwa kipimo chake. Matokeo yake, vyombo viwili hupiga wimbo mmoja huku vikigombana.

Njia nyepesi ya kuukimbia ugomvi huo ni kuiacha maqamu yenyewe na kutunga lahani zinazoridhiana na vitufe. Hiyo ndiyo hasara tuihofuyo, kwani sikio la kijana lisilopata kuisikia sauti hiyo halitaidai kamwe.

Huenda mtu akasema kwamba hata kodiani ina sauti zisizosogea. Ni kweli, lakini pembeni mwake walikaa wapiga fidla, nao waliilinda njia.

Dawa ipo. Tangu mwaka 1992 utaratibu wa MIDI una kanuni za kupeleka vipimo vya sauti kutoka chombo hata chombo, ikiwa vyote viwili vimetengenezwa kuzielewa. Kabla ya kununua, na tuulize swali hilo. Na mpigaji ajifunze maqamu kwanza, waya baadaye. Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa. Utumwa huo hauletwi na mashine. Huletwa na atoaye amri asiyojua maana yake.